Mbwa Haumi Ghafla: Msome Mwili Kabla ya Kumgusa

Ndugu zangu mlioko nyumbani, hamjambo? Karibuni tena. Mezani hapa nina mdoli wa mbwa, bandeji ya kitambaa na kipande cha sabuni. Leo hatuhitaji zaidi ya hivyo.

Aliyeumwa na mbwa husema hivi: "Alikuwa ametulia tu, mara akanirukia." Mara nyingi sivyo. Mbwa alishaonya mara tatu, nne, ila maonyo yake ni ya mwili na wengi wetu hatukufundishwa kuyatazama. Anajilamba pua ilhali hakuna chakula. Anapiga miayo na usingizi hana. Anageuza kichwa pembeni huku macho yakibaki kwako, hadi weupe wa jicho unajitokeza kama mwezi mwandamo. Masikio yanalala, mkia unaingia katikati ya miguu.

Halafu kuna ishara moja ambayo nataka muikariri: anakakamaa. Mdomo uliokuwa wazi unafungwa, mwili unaganda, hata kuhema kunasita. Ukiliona hilo, ondoa mkono. Wengi hungojea kunguruma, na mbwa aliyekakamaa anaweza kuuma bila kutoa mlio wowote.

Msidanganywe na mkia pia. Mkia uliosimama wima, mgumu, unaotikisika harakaharaka ni wa mbwa aliyepandwa na msisimko, na msisimko huo unaweza kuwa wa shari. Mwenye furaha hulegea mwili mzima, kiuno nacho kikicheza.

Sasa akinguruma, jamani, msimpige. Ukimpiga, hofu yake inabaki palepale. Ulichoondoa ni onyo. Kesho atauma kimyakimya, nanyi mtasema amebadilika. Akinguruma, acha unachofanya, rudi nyuma taratibu, kisha tafuta sababu. Ni bakuli lake? Ana kidonda sikioni? Au ni mtoto aliyemkumbatia shingo? Kwa mtoto kumkumbatia ni mapenzi, kwa mbwa ni kubanwa asiweze kutoka, na uso wa mtoto uko usawa wa meno. Kwa hiyo mtoto mdogo haachwi peke yake na mbwa, hata kwa dakika moja, hata kama ni mbwa aliyezaliwa humo humo ndani.

Kumsogelea mbwa usiyemjua, muulize kwanza mwenyewe. Akikubali, simama ubavu ubavu, usimkodolee mbwa macho, usimwinamie. Mwache yeye aje. Ile tabia ya kumpelekea mkono puani ili anuse haina haja. Pua yake imeshakunusa tangu ukiwa mbali. Akija, mkune kifuani au begani kwa sekunde tatu, kisha acha. Akijisogeza, endelea. Akitazama pembeni, mmemalizana. Na akikujia mbio kwa ukali, usikimbie: simama kama ulivyo, mikono kifuani, macho chini. Akikuangusha, jikunje na ufunike shingo na masikio.

Tuje kwenye bandeji, ya kumfunga mbwa mdomo. Mbwa aliyegongwa au kuvunjika mguu atauma hata mwenye kumlisha, kwa sababu ya maumivu. Chukua bandeji ya mita moja hivi, upana wa sentimita 5. Fanya kitanzi kikubwa chenye fundo moja juu. Usimkabili usoni, mvishe ukiwa pembeni, nyuma kidogo ya kichwa. Tazameni kwenye mdoli: kitanzi kinakaa katikati ya pua na macho, unakaza, unavusha ncha mbili chini ya kidevu, unazipeleka nyuma ya masikio na kufunga fundo la kufunguka kwa mvuto mmoja.

Hapo hukosewa mambo mawili. La kwanza, kitanzi kukaa mbele mno, kikabana matundu ya pua. La pili, kusahauliwa. Mbwa hupoza mwili kwa kutweta mdomo ukiwa wazi. Mdomo ukifungwa, joto linapanda ndani. Hivyo bandeji ni ya dakika chache tu. Usiwafunge kabisa mbwa wenye pua bapa, anayetapika, au anayehema kwa shida. Kwa matumizi ya kawaida tafuteni kifunga mdomo cha muundo wa kikapu, ambacho humruhusu kutweta na kunywa maji, na mzoesheni kwa kumwekea chakula ndani kabla ya siku atakayokihitaji.

Paka nitampitia haraka. Mfunge kwa taulo, miguu yote ndani, kichwa nje. Msimning'inize kwa ngozi ya shingo. Jino la paka huacha tundu dogo lakini refu, linalosukuma bakteria chini kabisa na kujifunga juu, ndiyo maana mkono unaweza kuvimba kabla siku haijaisha. Tundu hilo ni la hospitali. Na msimpe paracetamol: hata kidonge kimoja kinaweza kumuua.

Sabuni sasa. Ukiumwa, au ukikwaruzwa kwa meno, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kwa saa. Virusi vya kichaa cha mbwa vina utando wa mafuta, na sabuni huuvunja. Paka iodini, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Chanjo hutolewa kwa awamu, na ratiba nyingi huanza siku ya kwenda, kisha siku ya 3 na ya 7, zimalizeni zote. Jeraha lililotoka damu huhitaji pia kingamwili, yaani kinga iliyotengenezwa tayari, zinazochomwa ndani na kandokando ya jeraha, kwani chanjo huchukua siku kadhaa kuamsha kinga ya mwili. Hata ukichelewa, nenda, kwa sababu mara nyingi ugonjwa hukaa miezi 2 hadi 3 kabla ya kujitokeza. Dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

Mbwa mwenyewe msimuue kwa hasira. Kama anaweza kufungiwa salama, atazamwe siku 10. Akibaki hai na mzima, hakuwa na virusi kwenye mate siku alipouma. Ukishamzika bila kupimwa, jibu hilo umelizika naye.

Kwa anayetaka kufuga, usimtenge mtoto wa mbwa na mama yake kabla ya wiki 8. Kati ya wiki 3 na 14 ndipo anapojifunza kutoogopa watu, watoto, kelele na kushikwa miguu, kwa hiyo mzoesheni taratibu. Kumfunga mnyororo mchana kutwa kunaharibu kazi yote hiyo: asiyeweza kukimbia anabakiwa na meno tu.

Chanjo ya kichaa huanza akiwa na wiki 12, hurudiwa baada ya mwaka, kisha kila baada ya mwaka 1 hadi 3 kulingana na aina ya chanjo. Lazima itunzwe kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8. Anayekuja na chupa mfukoni, mrudishe. Anayeitoa kwenye kibebeo chenye barafu, mwambie aandike kwenye kadi tarehe, jina la chanjo na namba ya toleo, kisha ipigeni picha.