Alikuja Marekani na Chesi Yake, Akala kwa Uhandisi

Shikamooni wakubwa zangu, na vijana wenzangu mambo vipi. Leo nipo Manhattan, mtaa wa West 10th, namba 23. Nyumba hii nyuma yangu ndiyo Marshall Chess Club. Klabu ilianzishwa 1915, ikahamia hapa 1931, na mpaka leo watu wanaingia jioni wakitoka kazini, wanakaa mezani, wanabonyeza saa ya kupimia muda wa mchezo, kimya. Kama umezoea vijiwe vyetu vya drafti, ambako mtazamaji anaongea kuliko mchezaji, humu ungetolewa nje dakika ya kwanza.

Kilichonileta ni swali. Kijana mmoja kaniandikia: kaka, mimi mtaani kwetu kwenye chesi hakuna wa kunigusa, nikija huko si itanitoa? Nimeona nisimjibu kwa mistari miwili. Nimjibu kwa maisha ya mtu aliyefika hapa mwaka 1914, paspoti yake ikiwa ya nchi iliyokuwa vitani, na kichwani ana chesi ya kutisha. Anaitwa Edward Lasker.

Na kabla mashabiki hamjanirukia: simsemi Emanuel Lasker, yule bingwa wa dunia. Huyu ni Edward. Jina la ukoo moja, watu wawili, na kuna siku walikutana ubaoni, nitafika huko.

Edward alizaliwa Desemba 1885, Kempen, mji uliokuwa Ujerumani wakati huo na leo uko Poland. Akasomea uhandisi Berlin, mitambo na umeme. Shikeni hapo kwenye uhandisi, maana ndiko hadithi yote inakoelekea. Chesi aliicheza baada ya masomo, na baadaye baada ya kazi. Mwaka 1912 akahamia London, Kiingereza hajui.

Sasa London ndiyo ilimpa jina. Tarehe 29 Oktoba 1912 anaingia klabu ya City of London, wanamkalisha na George Thomas, mwenyeji wao na mmoja wa wakali wa pale. Kwa wapenzi wa badminton, ndiyo, ni Thomas huyo huyo wa Thomas Cup. Mchezo wa kirafiki tu, hakuna kombe. Thomas anacheza kete nyeusi, mfalme wake kamficha pembeni nyuma ya vitunda, zile kete ndogo za mbele, yuko salama kabisa. Lasker, hatua ya 11, anamchukua malkia wake mwenyewe, kete ya nguvu kuliko zote, anakula naye kitunda kilichosimama mbele ya mfalme wa Thomas. Malkia kwa kitunda! Thomas hana ujanja, lazima mfalme wake amle huyo malkia.

Na hapo ndipo balaa linaanza. Farasi wa Lasker anaruka, na kwa mruko huo mmoja mfalme anapigwa shaha, yaani anatishiwa kuliwa, na kete mbili kwa mpigo: farasi mwenyewe, na askofu aliyekuwa nyuma yake akisubiri njia ifunguke. Kuziba haiwezekani, maana ukiziba huku unapigwa kule. Mfalme akirudi kona yake anakufa hapo hapo, kwa hiyo anatoka mbele. Shaha. Anasogea tena. Shaha. Kila anapokanyaga anasukumwa, anavuka ubao wote, mpaka anajikuta kwenye mstari wa mwisho kabisa wa upande wa Lasker, nyumbani kwa adui. Hatua ya 18, Lasker anasogeza mfalme wake mwenyewe nyumba moja tu, kwa upole, na nyuma yake inafunguka njia ya ngome iliyokuwa imelala kona tangu mchezo uanze. Kwisha.

Thomas akampa mkono na kusema maneno ambayo mtu mmoja pembeni ilibidi amtafsirie mgeni: kwamba ule ulikuwa mchezo mzuri sana. Umefukuziwa mfalme uwanja mzima, kwenu, mbele ya watu wako, na unampongeza aliyekufanyia hivyo. Mimi nimeona watu wakimwaga ubao kwa mambo madogo kuliko hayo.

Mwaka 1914 vita vikalipuka. Ni vita hivyo hivyo vilivyowakutanisha Wajerumani na Waingereza pale Tanga mwezi Novemba. Lasker yuko London, Mjerumani katikati ya Waingereza. Akapata ruhusa ya kuondoka, akavuka bahari kuja Marekani. Hakuja kucheza chesi kwa malipo. Alikuja kutafuta kazi.

Kazi akaipata Chicago, kwenye kampuni ya Sears, Roebuck. Mnajua sisi wa huku tunaambiwa tumekuja kubeba maboksi. Basi Sears ilikuwa kampuni ya maboksi hasa. Mkulima wa huko ndani ndani anafungua katalogi, anachagua kiatu, jembe, cherehani, hata nyumba nzima ya mbao ya kujiunganishia mwenyewe, anatuma hela, mzigo unakuja na treni. Lakini Lasker hakuyabeba. Cheti cha Berlin kilimpa meza ya mhandisi wa usalama, yule anayeangalia mashine zisimkate mtu, ili wabebaji wenyewe warudi nyumbani na vidole vyao vyote. Na tusidanganyane hapa: Myahudi wa Ulaya Mashariki aliyeshuka melini mwaka huo huo bila cheti alikwenda kushona nguo viwandani, saa nyingi, malipo kidogo, awe anajua chesi au hajui.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917 ikawa shughuli kuwa Mjerumani. Shule zilifuta masomo ya Kijerumani, watu walibadilisha majina ya mitaa, hata majina ya vyakula. Lasker aliitwa jeshini, na kama Mjerumani alikuwa na haki ya kukataa. Hakuitumia haki hiyo, akasema yuko tayari, akijua kwamba ukitumikia jeshi uraia unakuja mapema. Vita vikaisha kabla hajaitwa kambini. Wenzangu mnaosubiri makaratasi, hesabu hiyo mnaielewa bila mimi kuieleza.

Na katikati ya yote hayo, chesi. Magharibi ya kati ya Marekani, upande huo wa Chicago, kulikuwa na mashindano ya kila mwaka ya Western Chess Association, ambayo baadaye ndiyo yamekuwa mashindano ya wazi ya Marekani. Lasker alichukua 1916, akachukua 1917, 1918 akaikosa, kisha akachukua 1919, 1920 na 1921. Mara tano, na huyo ni mtu mwenye ajira yake.

Miaka hiyo hiyo, kuanzia 1921 hadi 1923, alikuwa anatengeneza kitu kingine kabisa, na hapa naomba akina mama mnisikilize. Mtoto akizaliwa njiti, mara nyingi hana nguvu ya kunyonya. Maziwa ya mama yapo, mtoto anayahitaji kuliko mtu yeyote, lakini hayamfikii. Pampu za mkono zilikuwepo, ila zilikuwa taabu, na hazikumaliza maziwa kwenye titi. Lasker akaunda pampu ya mashine inayovuta na kuachia, inavuta na kuachia, kama mtoto mwenyewe anavyofanya akiwa na afya. Madaktari wakaikubali kwamba imezizidi mbali zile za mkono. Hati miliki ya Marekani akaipata 1927, namba 1,644,257, mnaweza kuitafuta, michoro yake ipo wazi mpaka leo.

Mimi mashifti yangu ni ya hospitali. Kila ninapopita wodi ya watoto njiti nasikia ule mlio, taratibu, unarudi na kurudi, na mama kakaa pembeni ya kisanduku cha kioo anasinzia huku chupa inajaa tone kwa tone. Pampu za sasa zimepita mikono mingi, Mswidi Einar Egnell alizibadilisha sana miaka ya 1950. Lakini mmoja wa waliofungua njia ni huyu mcheza chesi, na ndiyo iliyompa pesa. Chesi haikumpa pesa ya maana. Pampu ilimpa.

Mwaka 1923 akamkabili Frank Marshall, mwenye klabu hii, bingwa wa Marekani tangu 1909. Michezo 18, ushindi pointi moja, sare nusu. Marshall 9.5, Lasker 8.5. Pointi moja! Mtu wa jioni dhidi ya mtu ambaye chesi ndiyo chakula chake. Marshall akabaki na taji mpaka alipoliachia mwenyewe 1936, na hakulitetea tena kwa pambano la namna hiyo.

Kushindwa huko kwa karibu kukamfungulia mlango wa mashindano makubwa ya New York ya 1924, hoteli ya Alamac, kule juu Broadway. Wachezaji 11, kila mmoja anakutana na kila mmoja mara mbili. Capablanca, bingwa wa dunia wa wakati huo, yupo, Alekhine, bingwa aliyemfuata, yupo, Emanuel Lasker, bingwa aliyemtangulia, yupo akiwa na miaka 55. Yule mzee ndiye aliyeshinda, pointi 16 kati ya 20. Edward wetu alimaliza wa kumi na pointi 6.5. Wa kumi kati ya 11, sawa, lakini angalieni nani alikuwa chini yake: Dawid Janowski, aliyewahi kupigania ubingwa wa dunia, mtu aliyeishi kwa chesi na kuzimaliza pesa zake kwenye kamari.

Na Lasker kwa Lasker? Hatua 103. Emanuel alijikuta amebaki na farasi peke yake dhidi ya ngome na kitunda. Kwa vitabu vya siku zile, hiyo umefungwa, saini karatasi uende ukalale. Mzee akakataa kufa. Akaonyesha kwamba farasi mmoja aliyekaa mahali pake anaweza kuzuia vyote viwili, wakatoka sare. Mhandisi alikuwa amemshika simba mkia, simba akachomoka.

Kati ya wale 11, aliyezaliwa Marekani ni Marshall tu. Mashindano yakaisha tarehe 18 Aprili. Tarehe 26 Mei mwaka huo huo Rais Calvin Coolidge akasaini sheria iliyobana wahamiaji: kila taifa likapewa mgao wa asilimia 2 ya watu wake waliohesabiwa hapa mwaka 1890, yaani kabla Wapolandi, Waitaliano na Wayahudi wa Urusi hawajaja kwa wingi. Wajerumani waliachiwa mgao mnono. Lasker alishaingia zamani. Bahati nayo ihesabiwe.

Sasa, kijana wangu, nikuonyeshe na upande wa pili. Wilhelm Steinitz alizaliwa Prague, akahamia New York 1883, na 1886 akawa bingwa wa kwanza wa dunia anayetambulika rasmi, kwa pambano lililochezwa hapa hapa Marekani. Akachukua na uraia. Alikufa Agosti 1900 katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapa New York, hana kitu. Bingwa wa dunia! Janowski naye alikufa Ufaransa mwanzoni mwa 1927, mgonjwa, mfuko mtupu. Hawa hawakuwa wavivu na hawakuwa wabovu ubaoni. Chesi tu haikuwa na mshahara, na wao hawakuwa na kingine.

Yuko pia mtoto Samuel Reshevsky, aliyeletwa na wazazi wake kutoka Poland mwaka 1920, kitoto cha miaka 8, akawekwa mbele ya maafisa na wanafunzi 20 wa chuo cha jeshi cha West Point, acheze nao wote kwa wakati mmoja. Akashinda 19, sare moja. Wazazi wakazunguka naye nchi nzima kama sarakasi, mpaka mahakama ya watoto ikawaita: huyu mtoto shule anasoma lini? Aliyejitokeza kumsaidia ni Julius Rosenwald, bosi wa Sears, kampuni ile ile ya Lasker, kwa sharti moja, asome kwanza. Akaacha mashindano miaka 7, akahitimu uhasibu Chuo Kikuu cha Chicago 1934, akarudi, na taji la Marekani lililoachwa na Marshall akalichukua yeye 1936. Huyo anastahili video yake.

Lasker yeye aliendelea hivyo hivyo. Akaandika vitabu vya chesi, akapenda na ule mchezo wa Go wa Wachina na Wajapani, na 1935 akawa mmoja wa walioanzisha chama chake hapa Marekani. Alifariki New York Machi 1981, miaka 95. Alimzidi Steinitz karibu miaka 31 ya kuishi, na sidhani ni kwa sababu ya damu tu.

Kwa hiyo mdogo wangu, umeniuliza kama chesi itakutoa. Nakuuliza na mimi: cheti cha nini unacho, na kama huna, unaanza lini? Niandikie, nitakujibu.

Na wengine wote, ule mchezo na Thomas una hatua 18 tu, upo kila mahali mtandaoni. Wekeni ubao. Hatua ya 14 Lasker alikuwa na njia ya kummaliza mapema zaidi na hakuiona. Atakayeipata bila kuuliza kompyuta aiandike hapo chini. Ngoja niingie ndani, mvua inaanza na kamera siyo yangu.