Uzito Juu ya Mguu Mmoja

Kabla sijawaonyesha picha yoyote, nawaomba nyote msimame. Simameni kikakamavu kama askari wa gwaride, miguu yote miwili ikigawana uzito. Sasa legezeni goti la kulia, mwili wote muutwike mguu wa kushoto. Shikeni viuno. Nyonga ya kushoto imepanda, ya kulia imeshuka. Ahsanteni, ketini.

Jambo hilo mlilolifanya sasa hivi, wachongaji wa Ugiriki ya kale walihangaika nalo kwa zaidi ya karne moja hadi jiwe likakubali.

Mtazameni huyu. Ni Kroisos, kijana aliyechongwa kwa marumaru karibu mwaka 530 KK kuwekwa kwenye kaburi huko Anavysos, kusini mwa Athens. Urefu wake ni mita 1.94. Maandishi ya kitako kinachohusishwa naye yanamwomba mpita njia asimame amlilie, kwa sababu aliuawa vitani akiwa mstari wa mbele. Sanamu za namna hii huitwa kouros, maana yake kijana. Mguu wa kushoto mbele, mikono imenyooka ubavuni, ngumi zimefumbwa: mkao huo Wagiriki waliuchukua Misri. Ila Mmisri aliacha jiwe kati ya mkono na ubavu, na nguzo mgongoni. Mgiriki aliling'oa lote, akamvua kijana nguo, akamwacha ajisimamie. Mapaja ya Kroisos yamejaa, mashavu yamevimba kwa afya. Hata hivyo amepiga hatua na nyonga zake bado ziko sawa kama mizani isiyo na kitu. Hatua hiyo haina uzito.

Sasa mtazameni mtoto huyu wa kwenye kilima cha Akropoli, Athens. Ni mdogo, kama mita 1.17 tu, mikono imekatika na macho, yaliyokuwa yamepachikwa kwa kitu kingine, sasa ni matundu. Kiwiliwili kilipatikana mwaka 1865, kichwa mwaka 1888. Wataalamu humwita Kijana wa Kritios na humweka karibu mwaka 480 KK, zama ambazo Waajemi waliichoma Athens. Tazameni nyonga zake. Ya kushoto iko juu! Goti la kulia limelegea, kichwa kimegeuka kidogo, na tabasamu ambalo makouros huwa nalo limetoweka. Kwangu mimi hii ndiyo sanamu kuu kuliko zote za Ugiriki, ingawa haibebi silaha wala haipigani na mtu. Anayepumzisha mguu mmoja anaweza kuubadilisha baada ya kitambo. Kroisos hawezi.

Miaka kama arobaini baadaye mchongaji Polykleitos alilifanya jambo hili kuwa kanuni. Sanamu yake iitwayo Mbeba Mkuki ina mguu uliokaza na mguu uliolegea, mkono unaofanya kazi na mkono uliotulia, vikipishana kama mshazari. Aliandika hata kitabu cha vipimo vya mwili, nacho kimepotea. Sanamu yake ya bronzi pia imepotea. Tunayoiona ni nakala za marumaru za Kirumi, na ndiyo maana kuna kisiki cha mti kimeegemezwa mguuni. Bronzi ingesimama yenyewe. Marumaru ingevunjika kwenye vifundo.

Picha ya mwisho ni ya bondia aliyepatikana Roma mwaka 1885, kazi ya Kigiriki ya zama za baadaye sana. Yeye hasimami tena. Ameketi, viwiko juu ya mapaja, uzito wote umeshuka kwenye makalio na nyayo. Pua imevunjika, masikio yamefura. Majeraha ya usoni yamepachikwa shaba nyekundu, na matone ya shaba hiyohiyo yako kwenye mkono na paja la kulia: amegeuza kichwa upande huo sasa hivi, na damu imemdondokea.