Saa 72 ni za Wodi Nzima

Ndugu wauguzi, wakunga na wanafunzi mliopo, nawashukuru kwa kufika.

Aliyebakwa ana saa 72 za kuanza dawa za kinga ya VVU, na kadiri anavyochelewa ndivyo kinga inavyopungua. Akishaanza, atazimeza siku 28 mfululizo. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba, levonojestreli miligramu 1.5 kwa mkupuo mmoja, hutolewa hadi saa 120, nayo pia hufanya kazi vizuri zaidi ikiwahi. Haya mnayajua. Mbona basi manusura anaondoka mikono mitupu?

Kwa sababu huduma yote ameachiwa mtu mmoja. Aliyehudhuria mafunzo yuko likizo, na ufunguo wa kabati anao yeye. Mapokezi wanamhoji manusura mbele ya foleni, wanamtuma polisi kwanza, akirudi anasimulia upya kila dirisha. Zamu ikibadilika, keshaondoka. Tukimtafuta muuguzi wa kulaumiwa tutapoteza muda. Tatizo ni kazi ya wengi kuwekwa begani mwa mmoja.

Kwa hiyo tuanzie kwenye kukabidhiana zamu. Dozi za kuanzia, vipimo vya VVU na mimba, chanjo ya homa ya ini B, dawa za magonjwa ya zinaa, nguo safi na mifuko ya karatasi vikae pamoja, mahali panapofikika saa 24. Vihesabiwe kila zamu, anayepokea atie saini, na kilichopungua kiagizwe siku hiyo hiyo. Nasisitiza mifuko ya karatasi: nguo yenye unyevu ikifungiwa kwenye plastiki huota ukungu, na ushahidi unaharibika. Iache ikauke, kila nguo iwe na mfuko wake, kisha ufunge na uandike tarehe, saa na jina la kila aliyeushika. Jina moja likikosekana, mahakamani wakili wa utetezi ataanzia hapo.

Kwenye jalada, andika maneno ya manusura kama alivyoyatamka. Usiandike “anadai”, andika “anasema”. Jeraha lipime kwa sentimita na ulionyeshe kwenye mchoro wa mwili. Na kile kipimo cha vidole viwili, cha kuingiza vidole ukeni eti kujua kama mtu amewahi kujamiiana, hakithibitishi lolote, ni kumdhalilisha mtu mara ya pili. Mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalitaka kikomeshwe. Muuguzi mmoja akikataa kushiriki ataitwa mkaidi. Wodi nzima ikikataa kwa maandishi, uongozi utalazimika kujibu.

Tahadhari moja: umoja usigeuke njia ya kuvujisha siri. Jina au picha ya manusura haiingii kwenye kundi la simu la wodi, hata kwa nia njema.

Sasa tujitazame wenyewe, maana muuguzi naye hupigwa, hushikwashikwa, hutishiwa. Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani, wa kukomesha ukatili na unyanyasaji kazini, uliopitishwa 2019 na kuanza kutumika 2021, unahusu pia wanafunzi walio mafunzoni na safari ya kwenda na kurudi kazini. Ulizeni chama chenu kama nchi imeuridhia. Kama bado, hilo liwe dai la kwanza.

Wodini, chagueni wawakilishi wawili wa kupokea malalamiko, mmoja atoke idara nyingine, kwani mara nyingi mtuhumiwa ndiye anayepanga zamu. Tukio liandikwe ndani ya saa 24: mahali, saa, kilichotendwa, walioshuhudia. Mlalamikaji akiridhia, malalamiko yanayofanana yapelekwe kwa barua moja yenye saini za wengi, asibaki yeye peke yake wa kutishwa.

Hata hapo kuna mtego. Uongozi hupenda kumhamisha mlalamikaji “kwa usalama wake”. Anapoteza wodi aliyoizoea, wenzake wanaona kaadhibiwa, na anayefuata hatasema. Barua itamke wazi kwamba wakati wa uchunguzi anayeondolewa kwenye zamu ni mtuhumiwa, na itaje tarehe ambayo majibu yanatakiwa.