Mistari Haipakwi Rangi

ZUHURA: Karibuni tena. Leo kaka Beno kaja na kisu kimefungwa kwenye gazeti, nami nimeshakifungua. Kina mistari kama mchanga wa ufukweni maji yakishakupwa. Beno, umepaka rangi gani hii?

BENO: Sijapaka kitu, dada Zuhura. Kila anayepita karakana pale Keko huniuliza hivyo hivyo. Mistari imo ndani tangu kinafuliwa. Hivi ni vyuma viwili. Kimoja kina kaboni nyingi, karibu asilimia 0.95, wanakiita 1095. Cha pili ni 15N20, kina nikeli kama asilimia 2. Unavipanga tabaka juu ya tabaka, unavitia motoni, unagonga mpaka vishikane, unakunja, unagonga tena.

ZUHURA: Ndiyo chuma cha Damascus, ule mji wa Dameski?

BENO: Jina wamelichukua huko. Kile cha kale kilikuwa kingine, cha kuyeyushwa kwenye vyungu, na kilitoka India. Hiki cha tabaka, ukimaliza kukisugua ni cheupe pe, huoni mstari hata mmoja.

ZUHURA: Mpaka ukitie asidi.

BENO: Mpaka kiingie kwenye feriki kloraidi, dawa ileile ya kula shaba kwenye bodi za redio. Sehemu moja ya dawa, maji sehemu tatu au nne. Chuma cha kaboni kinaliwa na kuwa cheusi. Chenye nikeli kinahimili, kinabaki kung'aa. Pitisha ukucha hapa.

ZUHURA: Ee! Kuna vijibonde.

BENO: Umeona? Wengi hudhani dawa ikiwa kali zaidi ndiyo bora. Kali inachimba ovyo, kisu kinatoka na uso wa ndui. Mimi nakizamisha dakika tano, nakitoa, nasuuza, nafuta ule weusi unaochafua mikono kwa msasa laini namba 2000, nakirudisha. Mara tatu, mara nne. Na kiwe kimeshachovywa kwenye mafuta kikiwa chekundu na kupita kwenye oveni. Chuma ambacho hakijakomazwa kinatoa mistari iliyofifia.

ZUHURA: Uliniambia cha kwanza kiliharibika.

BENO: Kiliniuma kile. Nilikuwa nimesugua siku mbili, nikakisafisha vizuri kwa asetoni, halafu nikakishika kwa mkono mtupu nikitafuta waya wa kukining'inizia. Ilikuwa Februari, unalijua joto la hapa Dar, jasho linatiririka. Kilipotoka kwenye dawa, alama ya dole gumba langu ilikuwa katikati ya bapa, imekaa kama muhuri. Mafuta ya ngozi yaliizuia dawa. Nikaanza upya kwa msasa mkali, namba 220.

ZUHURA: Pole.

BENO: Asante. Toka hapo ni glavu, na miwani pia, maana dawa ile haifai kuingia jichoni. Na msasa siukimbizi: 220, 400, 600, 800, kila namba nabadili upande mpaka mikwaruzo ya nyuma iishe yote. Asidi haifichi mkwaruzo, inauchora vizuri zaidi.

ZUHURA: Mbona kinanukia kahawa?

BENO: Hapo ndipo ninapopapenda. Baada ya asidi nakisuuza kwa maji yenye bekingi soda, kisha nakilaza usiku kucha kwenye kahawa ya unga, nzito kama uji. Asidi yake ni hafifu, haichimbi, lakini inautia ule weusi nguvu, na chuma cha nikeli haikigusi. Natumia Africafe, ya Bukoba.

ZUHURA: Kwetu kabisa!

BENO: Kwenu, ndiyo. Na unajua dada, mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science kwamba huko Buhaya, nchi ya Wahaya, watu walikuwa wakitengeneza chuma chenye kaboni miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, kwa tanuri za udongo na mivukuto. Nikikilaza kisu kwenye ile kahawa nawafikiria wahunzi wale. Natamani kila kijana anayeshika nyundo hapa mjini aijue habari hiyo.

ZUHURA: Wazee wetu walizikalia hizo habari. Sasa vile visu vya bluu na zambarau?

BENO: Ile ni rangi ya moto. Ukipasha chuma kilichong'arishwa kinaanza rangi ya majani makavu, kinafika zambarau kwenye nyuzi 280 hivi, bluu karibu na 300. Inapendeza, sikatai. Lakini kisu changu nilikituliza kwenye oveni kwa nyuzi 200. Nikikifikisha 300 makali yanalegea. Rangi hiyo naiweka kwenye pete ya mpini. Kwenye makali ya kisu cha jikoni, hapana.

ZUHURA: Mimi nakatia samaki, na ndimu haikosi.

BENO: Ndimu nayo ni asidi, itaula weusi kidogo kidogo. Na hewa yetu ya chumvi inaleta kutu upesi. Kikate, kioshe, kikaushe hapohapo, usikiache kwenye sinki. Mara mojamoja kipake nta ya nyuki.

ZUHURA: Weusi ukififia?

BENO: Niletee. Nitazamisha bapa tu, mpini ubaki nje, kilale tena kwenye kahawa.

ZUHURA: Basi hakirudi kwenye gazeti. Kesho alfajiri naenda nacho Feri, nina changu wawili wa kuparua.