Saa Nane Mchana Wodini

Asalaam aleikum, na habari za asubuhi kwenu nyote. Nimeombwa niseme juu ya afya ya akili mbele ya wauguzi, na najua wengi mnategemea nianze na dawa. Mimi naanza na saa nane mchana.

Saa nane dawa zimeshamezwa, ugali umeshaliwa, daktari kapita tangu asubuhi, na ndugu hawaingii mpaka jioni. Mgonjwa wa akili, mfungwa, mzee wa makao ya wazee, wote wamebaki na kazi moja: kungoja. Aliye zamu anaandika kwenye faili, "Ametulia." Lakini mtu akikaa bure miezi, akapangiwa hata saa ya kuoga, maneno humpungua, huacha kujitunza, hulala mchana na kukesha usiku. Basi anaongezewa kidonge cha usingizi! Ugonjwa umeshikwa, kukaa bure hakukuguswa.

Huko Uingereza, miaka ya 1960, watafiti John Wing na George Brown waliwafuatilia wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaovuruga fikra) waliolazwa muda mrefu katika hospitali tatu. Waliangalia mengi, dawa zikiwemo. Lililoendana zaidi na nafuu ni kupungua kwa saa za kukaa bila kufanya lolote.

Wala msiseme hao ni wagonjwa. Mwaka 2014, watafiti wa Virginia, Marekani, waliwaweka watu wazima na afya zao chumbani, mmoja mmoja, dakika 15, bila simu, na kitufe cha kujipiga shoti ya umeme. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga. Wanawake, 6 kati ya 24. (Kina mama, msicheke sana.) Dakika 15 tu! Sasa mfikirieni aliyekaa hivyo miezi sita, halafu mnashangaa kwa nini anajikwaruza mikono.

Mkoa wetu wa Tanga una Lutindi, kule Korogwe, milimani Usambara. Wamisionari wa Kijerumani walipaanzisha mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, baadaye pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Kule kazi za shamba na za mikono ni sehemu ya tiba. Ila tuelewane: kazi iwe na faida kwa mgonjwa. Kumfagilisha ua wa mkubwa si tiba.

Mtasema hatuna watu, muuguzi ni mmoja wodi nzima. Kweli. Lakini bao halina bajeti. Nimepita wodi ambazo bao lipo, limefungiwa kabatini, eti kete zitapotea. Kete zenyewe ni komwe, mkomwe unaota hapa hapa pwani!

Mwingine ataniambia watagombana. Ndiyo, watagombana. Wazee wa Ngamiani, hapa Tanga mjini, hugombana kila jioni barazani kwa ajili ya bao, na hakuna anayewachoma sindano.