Fungu la Kumi na Nne

Kaeni, kaeni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, feni iko huku.

Historia ya boda boda siwasimulii. Jina lilizaliwa hapo Busia, mpakani, kwa baiskeli, na nyinyi ni wajukuu wake. Mimi nimekuja na betri za pikipiki za stima, na kazi ya kuzitengeneza. Najua mmenichoka: mwaka jana betri, mwaka juzi betri. Mtanivumilia.

Kijana mmoja wa Kondele, Kisumu, alisukuma pikipiki yake ya stima mpaka karakanani kwangu. Betri ya volti 72, imezima ghafla. Aliyemuuzia kamwambia anunue nyingine. Kwa pesa gani? Tukafungua kifuniko. Ndani mna mafungu 20 ya seli, yamefuatana kama shanga uzini, kila fungu na volti zake tatu na ushei. Nikampa mwanafunzi multimita, kile kipimo cha volti, apime moja moja. 3.9. 3.9. 3.9. La kumi na nne: 2.7. Akanitazama. Pima tena. 2.7. Basi! Ile saketi ya ulinzi ikiona fungu moja limelegea, huzima yote. Kumi na tisa mazima yalikuwa yatupwe kwa sababu ya mgonjwa mmoja! Tukaweka seli za aina ileile na uwezo uleule (si zile mnazookota kwenye tochi, nawajua), tukasawazisha chaji, jioni akapakia abiria.

Haya, mwanafunzi huyo alijifunzia wapi kupima seli? Si darasani. Darasani amefungua na kufunga kabureta ya injini ya petroli mihula miwili. Kabureta!

Kuna mtu ananong'ona, "Mwalimu, stima yenyewe hupotea." Hupotea, ndiyo. Ikipotea, pampu ya petroli huvuta kwa nini, kwa mdomo? Tena chanzo kikubwa zaidi cha stima hii ni mvuke wa ardhini wa Olkaria, hapo Naivasha. Petroli huja kwa meli.

Hatari? Ipo. Vua pete kwanza. Pete ikiunganisha ncha mbili za betri, inageuka kaa la moto kidoleni. Na betri iliyovimba haifunguliwi, mniahidi.

Mtaji wa kazi hii: multimita, mashine ya kulehemu seli, chaja, glavu. Changeni watatu, mkodi kibanda kimoja. Leseni nilikuwa nimeandika kurasa mbili, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mashua za stima za ziwani nazo, siku nyingine.

Mwenye multimita abaki. Kuna betri mbili hapa mezani, na moja haiwaki.