Kompaila ya lumbesa

ATU: Ndaga, wasikilizaji. Lusajo leo ana macho mekundu, msimshangae.

LUSAJO: Rust hiyo, dada, lugha ya kuandikia programu. Nimeijenga kutoka msimbo wake, na LLVM, mtambo wake wa kuzalisha msimbo wa mashine, humo humo. Kwa baridi ya Uyole, laputopu imekuwa jiko. Umeme ukakatika, betri nayo mzee.

ATU: Na ndiyo lugha unayotaka tuandikie kompaila yetu, ile programu ya kugeuza msimbo uwe lugha ya mashine?

LUSAJO: Hiyo hiyo.

ATU: Kaka, hiyo lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo! LLVM iliyoandikwa kwa C++ chini, Rust juu, na Rust yenyewe haijengeki bila Rust ya toleo lililotangulia.

LUSAJO: Kompaila kujiandikia kwa lugha yake si kioja. Hata ya lugha ya Go iliandikwa kwa C mpaka toleo 1.5, mwaka 2015. Ya Rust ilianzia kwenye OCaml, lugha nyingine.

ATU: Sawa, ila Wakala wa Vipimo wakikukuta umepita kilo 100...

LUSAJO: (anacheka) Shangazi yangu anauza viazi. Anasema ukifunga gunia la kawaida, mnunuzi anapita hata bei haulizi.

ATU: Na anayeumia ni nani? Mkulima. Analipwa gunia moja, kajaza moja na nusu.

LUSAJO: Na kuli je? Pale sokoni Mwanjelwa nimeona mtu kainama, gunia limemzidi kimo!

ATU: Basi kwenye programu huria kuli ni yule kijana wa chuo anayechangia bure. Ana laputopu ya mkopo. Mpe Go, jioni anasoma msimbo wetu. Hejlsberg mwenyewe, baba wa C#, kompaila ya TypeScript, lugha yake nyingine, kaihamishia Go. Mwaka 2025 walionyesha muda wa kukagua msimbo wa VS Code, programu ya kuandikia msimbo: kutoka sekunde karibu 78 hadi 7 na nusu.

LUSAJO: Wale walikuwa wanahamisha kilichopo! Mti wao, yaani msimbo uliopangwa kwa matawi ndani ya kompaila, umejaa marejeo yanayozungukana, Go inayameza bila shida. Sisi tuna karatasi tupu. Mimi nataka nikisahau kushughulikia aina moja ya tawi la mti, lugha inikatalie palepale. Go itaninyamazia.

ATU: Utaandika majaribio.

LUSAJO: Majaribio nayo nani ataandika? Kuli wako?

ATU: Kuliko apigane wiki nzima na kanuni za Rust za umiliki wa kumbukumbu, ndiyo.

LUSAJO: Anapigana mara moja, anajua.

ATU: Au anaondoka. Wengi wanaondoka, Lusajo.

LUSAJO: Wa kuondoka ataondoka hata kwenye Go.

ATU: Hapana.

LUSAJO: Haya, hapana.

ATU: Hapo sikubali hata uninunulie mchele wa Kyela.

LUSAJO: Gunia la kawaida au...?

ATU: Acha! Tuna dakika moja. Tulipanga mafunzo matatu, tumefika la ngapi?

LUSAJO: Hatujaanza la kwanza.

ATU: Basi tuyaache. Anayejua bei ya viazi Uyole leo atuandikie, shangazi anauliza.